Benzi ni Jina la Bertha

Mjomba alichomoa ufunguo, akauweka mfukoni, na injini ikaendelea kunguruma. Ilikuwa jioni, Ngamiani, Tanga, mbele ya nyumba yetu. Gari lenyewe lilikuwa Benzi 240D ya dizeli, nyeupe ya maziwa, aliyoinunua kwenye mnada ikiwa imeshatembea sana. Watoto wa jirani walirudi nyuma, mmoja akasema lina jini. Mjomba akaagiza aitwe fundi wake, mzee ambaye mtaa mzima tulimwita Mzee Fundi tu. Akaja na kandambili zake, hana hata spana mkononi. Alifungua boneti, akaisukuma mpaka ikasimama wima kabisa kama mlango wa kabati, akanigeukia mimi.

"Njoo mwanangu. Pitisha mkono hapa. Bonyeza."

Nikabonyeza kidude chekundu kilichojaa masizi ya oili. Injini ikanyamaza papo hapo. Alipokifuta kwa kidole nikaona maandishi: STOP.

Baadaye alinieleza. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, kwa hiyo huwezi kuizima kwa kukata umeme tu. Kwenye magari yale, ukizungusha ufunguo, hewa huvutwa kupitia kijipira chembamba mpaka kwenye pampu ya mafuta, pampu inafunga, injini inakufa. Kijipira kile kilikuwa na umri kunizidi mimi, kimekauka na kupasuka kwa joto la miaka. Lakini waliolichora gari lile, mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Ujerumani, waliifikiria siku hiyo. Walijua mpira utachoka, na walijua kutakuwa na mtu mbele ya nyumba yake, usiku unaingia, hana kifaa chochote. Wakamwekea mahali pa kubonyeza kwa mkono mtupu.

Nimeipenda Benzi tangu jioni ile, na nataka kueleza kwa nini, maana naona sisi wenye Kiswahili tumeizoea kwa upande wake mmoja tu.

Upande huo tumeupa hadi jina. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, watu wa Kenya na Tanganyika walitazama wakubwa wapya wakipita kwenye viti vya nyuma, vioo vimepandishwa, wakawaita Wabenzi. Neno lenyewe lina akili. Tuna Wazigua, tuna Wadigo, tuna Wakikuyu, sasa limezuka kabila jingine ambalo halina kijiji wala mila, alama yake ni nyota kwenye boneti. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha, waliokuwa wakisemwa walikuwa haohao. Neno likavuka mipaka, likaingia kwenye Kiingereza cha magazeti ya Afrika. Mobutu, jirani yetu wa Zaire, alikuwa na Mercedes 600, gari kubwa lililotengenezwa kuanzia 1963 ambalo vioo na viti vyake vilisukumwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, na alilimiliki gari la aina moja na Tito wa Yugoslavia na Elvis Presley.

Hayo yote ni kweli. Ila mtu wa kiti cha nyuma hajawahi kulijua gari analopanda. Anayelijua ni aliyekaa mbele, na zaidi yake ni yule anayelala chini yake akiwa na tochi mdomoni. Historia ya Benzi ukiisoma kwa macho ya hao wawili inabadilika, na anayesimama katikati yake ni mwanamke.

Mwaka 1871 Bertha Ringer wa Pforzheim alikuwa bado hajaolewa. Mchumba wake, Karl Benz, alikuwa na karakana Mannheim pamoja na mbia asiyeaminika, na karakana ilikuwa inakwenda kuzama. Bertha akawaomba wazazi wampe mapema fungu la mali walilomtengea kwa ajili ya ndoa (kwa desturi ya kwao fungu hilo hutoka upande wa binti, kinyume cha mahari yetu), akalitumia kumtoa yule mbia. Mwaka uliofuata wakaoana. Kwa sheria ya wakati ule, mke hakuwa na sauti juu ya mali aliyoiingiza. Kwa hiyo Januari 29, 1886, Karl alipopeleka ombi la hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, ya gari lake la magurudumu matatu, silinda moja, nguvu isiyofika hata ya farasi mmoja, karatasi namba 37435 ilibeba jina lake peke yake.

Karl alikuwa fundi hodari lakini mwenye wasiwasi. Alirekebisha, akarekebisha tena, na wanunuzi hawakuja. Ndipo Agosti 1888 Bertha alipoamka alfajiri, akawachukua wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, akaondoka na gari kwenda kwa mama yake Pforzheim. Mume hakujua. Ni safari ya kilomita mia moja na ushee, kwenye njia za magari ya farasi, na kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kulipeleka gari la injini umbali wa namna hiyo.

Hapa ndipo ninapomwona Mzee Fundi wetu. Mafuta yalipoisha, Bertha aliingia duka la dawa la mji wa Wiesloch akanunua ligroini, aina ya petroli nyepesi iliyouzwa kwa kusafishia madoa. Duka hilo leo linahesabiwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunga kwa mpira wa kushikilia soksi. Mnyororo ulipolegea, akatafuta mhunzi. Kwenye vilima watoto walishuka wakasukuma. Kwenye miteremko mbao za breki zikalika mpaka zikakaribia kwisha, akasimama kwa mshona viatu akamwambia azipigilie ngozi juu yake, na wengi humhesabia yeye mwanzo wa pedi za breki. Jioni alimpelekea mumewe telegramu kwamba wamefika. Aliporudi alimwambia Karl gari linahitaji gia moja zaidi ya kupandia milima. Ikawekwa.

Ukitaka kujua kwa nini gari hili lilipata jina, anza na orodha hiyo: pini, mpira wa soksi, ngozi ya kiatu. Bertha alilitoa gari kwenye karakana akalipeleka njiani, likaharibika mbele yake mara tano au sita, na kila mara likatengenezeka kwa kilichokuwepo.

Upande wa pili wa ukoo wa gari hili, ule wa Daimler, naupenda kidogo kidogo. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa Cannstatt, karibu na Stuttgart, wakitengeneza injini nyepesi zinazokwenda mbio, na mwaka 1886 nao wakaweka injini kwenye gari la magurudumu manne. Daimler alifariki 1900. Mwaka huohuo tajiri mmoja aliyeishi Nice, Emil Jellinek, akaagiza magari 36 kwa mpigo, akitaka yawe marefu, ya chini na yenye kasi, na akataka yapewe jina la binti yake, Mercédès. Maybach alilichora, na Machi 1901 likashinda mashindano ya Nice kiasi kwamba magari mengine yalionekana ya kale ghafla. Nyota ikasajiliwa 1909, ncha tatu za nchi kavu, maji na anga. Mwaka 1926, baada ya vita na mfumuko wa bei uliozichosha kampuni zote mbili, Daimler na Benz wakaungana.

Wajerumani wenyewe husema Mercedes, na watu wa Stuttgart bado husema Daimler. Sisi, tuliochukua kwao shule na hela, tukachagua kusema Benzi. Sijui nani alianza, lakini nadhani tulibahatisha vizuri kuliko wote, maana Mercédès alikuwa mtoto wa tajiri aliyetia oda, na Benz lilikuwa jina la mwanamke aliyezibua bomba.

Kuna ukurasa ambao mpenzi wa gari hili hana haki ya kuuruka. Bertha alifariki Mei 5, 1944, siku mbili baada ya kutimiza miaka 95. Mwaka huohuo karibu nusu ya watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya Daimler-Benz walikuwa ni watu waliolazimishwa: raia waliochukuliwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni ilifanikiwa chini ya Hitler, ilimuundia magari ya gwaride na injini za ndege za vita. Iliacha miongo kadhaa ipite kabla ya kuwaachia wanahistoria wafungue makabrasha yake na kuanza kulipa fidia. Nyota ile inayong'aa imebeba na hayo.

Ajabu ni kwamba ndani ya kampuni hiyohiyo, tangu 1939, alikuwepo mhandisi aliyeitwa Béla Barényi, aliyezaliwa karibu na Vienna, ambaye alikuwa anafikiria namna ya kuokoa watu. Wakati huo kila mtu aliamini gari salama ni gari gumu. Barényi akaona kinyume. Gari gumu likigonga, nguvu yote ya mgongano inampitia aliyemo ndani. Mwaka 1951 akaandikisha wazo lake: katikati pawe na chumba kigumu cha abiria, lakini mbele na nyuma pawe laini, pakunjamane na kuimeza nguvu hiyo kabla haijafika kwenye kifua cha mtu. Magari ya kwanza kuundwa hivyo yalitoka 1959. Leo hata gari dogo kabisa la Kijapani linalokupita Barabara ya Nane limejengwa kwa wazo hilo. Mtu akiniambia Benzi ni majivuno, huwa namtajia Barényi kabla ya kutaja ngozi ya viti.

Na mwaka huohuo wa 1959 Benzi lilikuwa linajithibitisha huku kwetu kwa vumbi na tope. Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Bill Fritschy aliyashinda 1959 na 1960 akiendesha Mercedes 219, kisha John Manussis akayashinda 1961 kwa 220 SE. Miaka mitatu mfululizo, kwenye barabara ambazo zikinyeshewa zinageuka bwawa.

Lakini gari la moyo wangu ni lile la mjomba, kizazi walichokiita W123, kilichotoka 1976 na kuundwa karibu milioni 2.7 kabla ya kukoma katikati ya miaka ya 1980. Hata kizazi kilichotangulia kilikuwa cha namna hiyo: dereva teksi mmoja wa Thessaloniki, Ugiriki, aliliendesha 240D lake la kizazi hicho kilomita milioni 4.6, akibadilisha injini kwa zamu, na mwaka 2004 kampuni ikalichukua kulihifadhi. Gari la mjomba halina mbio. Kupanda mlima na 240D yenye abiria watano ni kazi ya subira. Ila litazame kwa karibu. Taa za nyuma zina mifereji na matuta, kama bati la paa, na mgeni hudhani ni urembo. Mifereji ile iko kwa sababu upepo unapopita, matope hushika juu ya matuta na ndani yake hubaki safi, hivyo anayekufuata kwenye vumbi la Handeni anaiona taa yako. Boneti inasimama wima ili fundi apate mwanga na nafasi ya kuinama bila kugonga kichwa. Anayelipia gari dukani haoni lolote kati ya hayo. Aliyeyafikiria alikuwa anamfikiria mtu mwingine.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mvuto wa Benzi uko kwenye ughali wake. Ughali ulikuwa malipo ya umakini huo, na umakini ulipopungua watu waligundua haraka. Magari ya katikati ya miaka ya 1990 yakaanza kupata kutu mapema kuliko wazee wao. Mwaka 1997 gari dogo jipya, A-Class, lilipinduka mbele ya waandishi wa gazeti la magari la Sweden lilipokuwa linakwepa kizuizi ghafla, kama dereva anavyomkwepa mnyama. Kampuni ikasimamisha uuzaji, ikaliwekea mfumo wa kompyuta unaoshika breki gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza, mfumo ambao mpaka wakati huo ulikuwa wa magari ya gharama. Fedheha ile iliushusha hadi kwa watu wa kawaida, na naihesabu katika mambo mema ya Benzi.

Kinachonisumbua ni boneti. Ukiifungua kwenye gari la leo unakutana na mfuniko wa plastiki mweusi, na ndani yake hitilafu nyingi haziongei mpaka zichomekewe kompyuta yenye programu ya kulipia. Najua hewa chafu imepungua na ajali zimepungua, na siwezi kuyabeza hayo. Lakini fundi mwenye masikio, anayetambua kasoro kwa mlio, ametolewa nje ya gari ambalo lilianza na mwanamke mwenye pini ya kofia. Ningependa wahandisi wa Stuttgart, wanapochora magari yao ya umeme, wamweke mtu huyo mezani mwao tena.

Mjomba alipozeeka macho, gari lilinunuliwa na mwalimu mmoja wa Korogwe. Siku ya makabidhiano Mzee Fundi alikuja, kandambili zilezile. Hakusubiri wamalize habari ya bei. Alisimamisha boneti, akachukua kitambaa, akalifuta lile neno jekundu mpaka likasomeka, akamshika mwalimu mkono na kuupeleka mahali pake.

"Hapa, mwalimu. Hata gizani. Jaribu tena."