Fromaji ya Mama Mkwe

Mimi ni mtoto wa Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano, wa mawe meusi. Nimezaliwa juu ya lava, nimejenga juu ya lava, na kila jioni nikivua viatu namwaga vumbi la lava la kutosha kuanzia ukuta mwingine. Ndiyo maana mwezi wa kumi na moja wa 2018, mama watoto aliposema, "Twende Mushaki, kule milimani Masisi, kwa mjomba, tukapumue siku mbili," nilikubali kabla hajafunga mdomo. Kichwani nilishajiona nimelala chali kwenye nyasi, kofia usoni. Nikashuka Birere, nikanunua jaketi na viatu vyeupe vya kupumulia.

"Viatu vyeupe," mama watoto akasema. "Masisi. Na mvua hii."

"Nyasi hazichafui mtu," nikamjibu.

Mpaka Sake mambo yalikuwa sawa. Pale gari linaacha ziwa na kuanza kupanda milima, na barabara inageuka uji. Kwenye kona ya tatu dereva akazima. "Wanaume wote chini!" Nikageuka kutafuta hao wanaume. Tulikuwa watatu: mzee mwenye fimbo, kijana aliyepakata kuku wawili, na mimi. Mzee akasema yeye atatoa ushauri. Nilisukuma gari lile huku kuku wakinitazama, na magurudumu yakanirushia udongo wa Masisi kuanzia viatu hadi nyusi. Tulipofika kwa mjomba, shangazi alimpa mama watoto pole kabla ya salamu.

Ila tuseme ukweli, Mushaki ni pazuri. Milima imelala kama migongo ya ng'ombe, nyasi fupi utadhani zimenyolewa, ukungu unapanda asubuhi kutoka mabondeni, na baridi yake inakufanya umpende mkeo upya. Wageni wakifika husema pale ni kama Uswisi. Mjomba hajawahi kufika Uswisi. Yeye anasema Uswisi ndiyo inajaribu kufanana na Masisi.

Habari ya kukamua sitaisimulia. Ng'ombe alinitazama mara moja tu, akajua. Tuendelee.

Mjomba hutengeneza fromaji, ndiyo jibini yetu. Alinionyesha kibanda chake cha mbao: sufuria kubwa juu ya kuni, maziwa yakipashwa polepole, kisha anatia ile dawa ya tumbo la ndama inayoyagandisha. Yakishaganda anayakatakata, anayakamua maji, anayabana kwenye vikombe vya duara, anayalaza kwenye maji ya chumvi, halafu yanapanda kwenye rafu na kugeuzwa kila siku kama mgonjwa. Ufundi huu waliuleta mapadri Wabelgiji wa zamani. Mapadri waliondoka, fromaji ikabaki, na mpaka leo Goma nzima inakula.

Nilitaka kuonyesha kwamba nafuatilia. Nikauliza, "Na yale matundu ya ndani, mjomba, munayatoboa na nini?"

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akamgeukia mama watoto: "Huyu ndiye uliniambia alisoma?"

Siku ya kurudi akatoa rafuni fromaji moja ya njano, kilo mbili na zaidi, mviringo safi kabisa. "Hii ni ya dada yangu, mama yako mukwe. Jumapili iko na wageni. Uishike kama mutoto." Nikaipokea kwa mikono miwili. Mama watoto akataka kuibeba yeye. Nikakataa. Baada ya ng'ombe na matundu, nilihitaji kazi moja ya kunirudishia heshima.

Gari halikupatikana, tukachukua pikipiki mbili. Mama watoto akatangulia na mizigo. Motari wangu akataka kuifunga fromaji nyuma kwa mpira.

"Mtoto hafungwi na mpira," nikamwambia. Nikaitia kifuani, nikavuta zipu ya jaketi hadi kidevuni.

Sasa, jaketi lile na viatu vile nilivinunua kwa mtu mmoja, siku moja. Tulipokuwa tukiteremka, pikipiki ikaruka shimo, zipu ikasema *krrr* kutoka juu hadi chini, na fromaji ikatoka. Ingeanguka ubavu, hadithi ingeishia hapo. Ilianguka imesimama, ikayumba kidogo kama mtu anayefikiri, kisha ikaondoka.

"Ifuate!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Fromaji!"

Motari akatazama, akaona, akazima pikipiki. Alicheka mpaka akainamia usukani, na alipoweza kuinuka alichotafuta kwanza ni simu yake. Nikaruka chini, nikakimbia.

Mbele kulikuwa na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inateremka na magunia matatu ya viazi, mwenyewe amesimama juu yake, mguu mmoja umekandamiza kile kipande cha tairi cha kuzuia gurudumu la nyuma. Fromaji ikampita. Yule baba aliitazama ikipita, akanitazama mimi, akaniita kwa huruma ya mtu wa kazi moja: "Freni, papa! Kamata freni!"

Watoto wakatokea. Masisi hata ukiangusha sindano kwenye kilima kitupu, watatokea ishirini. "Fromaji! Fromaji!" Mbuzi mmoja akasogea pembeni kwa adabu. Kwenye kona nikasema sasa inaingia bondeni, lakini wapi, ilipinda vizuri kuliko gari letu la juzi. Wazee wa Sake husimulia lava ya volkano ya Nyamulagira ya 1938 ilivyotambaa taratibu hadi ikaingia ziwani. Lava ile ingeona fromaji ya mjomba, ingeona aibu.

Ikabaki barieri, kizuizi cha barabarani.

Vijana wa barieri walikuwa wamekaa chini ya shiti lao, kamba imekatiza barabara. Walichokiona ni kitu cha njano kinakuja mbio, nyuma yake watoto wanapiga kelele, nyuma ya watoto mtu mzima wa kiatu kimoja, cheupe zamani. Wote walilala chini. Fromaji ikapita chini ya kamba, ikagonga mfuko wa mchanga, ikalala.

Kimya.

Mkubwa wao akainuka, akajipangusa. "Hii ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu, mukubwa."

"Yeye iko wapi?"

"Iko Goma."

"Na sababu gani imepita bila kusimama? Hapa gari inasimama. Chukudu inasimama. Hata ng'ombe inasimama."

"Haina freni, mukubwa."

Jibu hilo halikumpendeza. Akasema lazima waone kilichomo ndani. Kisu kikaletwa. Wakakata kipande kuangalia, wakakila. Wakakata cha pili kuhakikisha. Wa tatu wao akasema yeye hakuona vizuri. Halafu akaitwa mwingine aliyekuwa amekwenda kuoga. Uchunguzi ulipokwisha, nilibaki na nusu, nikaombwa na pesa ya kahawa, maana kula kitu kikavu kunaleta kiu.

Mama watoto alikuwa akinisubiri Sake. Alitazama mguu wangu, akatazama jaketi, akatazama kile nilichokumbatia.

"Wewe sema na mama yangu," akasema. "Mimi simo."

Jumamosi nilizunguka Goma hadi nikapata fromaji inayofanana na ile. Dola sita. Nikabandua karatasi yake, nikaipangusa, nikaipitisha kidogo juu ya moshi wa makaa ipate harufu ya kibanda. Ile nusu nikaificha nyumbani, chini ya kitanda, katika katoni ya viatu vyeupe, kwa kuwa viatu vyenyewe havikuwa na haja nayo tena.

Jumapili nyumba ya mama mkwe ilijaa. Nikaitoa fromaji kwa mikono miwili, nikaeleza jinsi mjomba alivyotusalimu sana, jinsi nilivyoipakata njia nzima. Mama watoto alikuwa akitazama dari. Mama mkwe akaigeuza, akainusa, akakata kipande chembamba, akatafuna polepole. Wageni wakangoja. Mimi nikasahau kupumua.

"Ni nzuri," akasema.

Nikapumua.

Akafuta kisu kwa kitambaa, akachukua simu yake mezani, akaifungua na kuniwekea mbele ya uso. Kwenye kioo, fromaji ilikuwa ikiipita chukudu, na nyuma yake mtu ninayemjua alikuwa akikimbia na jaketi wazi.

"Sasa mukwe wangu," akasema, "leta na ile nusu."