Akili Analala Tena: Marudio ya Katuni za Watoto

Lawama wanayotupiwa warushaji wa vipindi vya elimu kwa watoto huwa na neno moja: wanarudia. Jumatatu mzazi anawasha runinga, anamkuta Akili wa katuni ya Akili and Me, yule binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, akisinzia na kuingia Lala Land, ulimwengu wake wa ndotoni. Alhamisi anamkuta analala tena, na wimbo wa namba ni ule ule. Mzazi anaona kituo ama kimeishiwa fedha ama kinamdharau.

Hoja yake ina hesabu nyuma yake. Kituo kinachorusha saa 12 kwa siku kinataka vipindi 24 vya nusu saa. Mfululizo wa sehemu 26 unakwisha kesho yake asubuhi, na katuni ni kazi ya kuchorwa dakika kwa dakika, si ya kuweka kamera na kuita wageni. Akili Kids!, kituo cha runinga cha watoto, ilipoingia hewani Kenya tarehe 31 Machi 2020, wiki mbili hivi baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, isingeweza kuwa na ghala la miaka 30. Hata waliokuwa nalo walirudia. Noggin, kituo cha watoto cha Marekani kilichoanzishwa Februari 1999 na Nickelodeon pamoja na Children's Television Workshop, waundaji wa Sesame Street, ilijaza ratiba yake kwa vipindi vya zamani kama The Electric Company, kilichoanza 1971, na 3-2-1 Contact cha 1980.

Kwa hiyo ndiyo, umaskini wa ghala upo. Ila mzazi anapima kipindi kwa jicho la mtu mzima, ambaye taarifa ya habari ya jana kwake ni takataka. Mtoto wa miaka minne hayuko hivyo. Anayebisha na ajaribu kuruka ukurasa mmoja wa hadithi anayoisoma kila usiku, atarudishwa.

Jambo hili lilipimwa. Blue's Clues, kipindi cha mafumbo cha watoto wadogo, ilipoanza Nickelodeon mwaka 1996, sehemu moja ilirushwa siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kubadilishwa. Mtangazaji anauliza swali, ananyamaza, anamsubiri mtoto. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1999 waliwatazama watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakiangalia sehemu hiyo hiyo mara tano. Uelewa ulipanda, na watoto walizidi kuijibu runinga kadiri walivyoirudia. Hapo pa kujibu ndipo ninapong'ang'ania mimi. Siku ya kwanza mtoto ana kazi ya kujua nani ni nani na kinatokea nini. Hana nafasi ya kufikiri. Hadithi ikishamkaa kichwani, akili inapata nafasi ya kushughulikia swali lenyewe. Anayepiga kelele "tatu!" kabla ya mhusika kusema hajachoshwa. Ameanza kufanya kazi.

Halafu tuongeze maisha ya huku. Umeme unakatika. King'amuzi hakijalipiwa. Runinga ni moja na baba anataka mpira. Kuna watoto wanaotazama kwa jirani, Jumamosi tu, wamekaa mlangoni. Mtoto wa namna hiyo hana kitufe cha kurudisha nyuma, na bando la kukitafuta kipindi mtandaoni si lake. Marudio ambayo mwenye nyumba anayalalamikia, kwake mgeni wa mlangoni ni mara ya kwanza. Utafiti uliofanywa Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 ulionyesha kuwa waliotazama Akili and Me waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na kujua maumbo. Hayo hayaji kwa kuchungulia mara moja.

Utetezi huu una mpaka, na mpaka wenyewe ni umri. Ubongo Kids, katuni iliyoanza TBC1 mwaka 2014, inawalenga wakubwa zaidi kwa hisabati na sayansi, na watazamaji walijibu maswali yake kwa ujumbe wa simu. Fumbo likishafumbuliwa halimtegi tena mtoto wa miaka kumi. Ukilirudisha wiki hiyo hiyo umempa jibu, hujampa swali. Kwa rika hilo mzazi anayenung'unika yuko sahihi, na kituo kisijifiche nyuma ya utafiti wa watoto wa chekechea ili kukwepa gharama ya kutengeneza vipya.

Kuna kurudia na kuna kurudia ovyo. Sehemu inayoonekana leo asubuhi, ikapotea wiki tatu, ikaibuka usiku mtoto akiwa amelala, haimfundishi mtu. Iwekwe saa mbili asubuhi siku tano zile zile, mzazi aambiwe wazi kwamba ni makusudi, na saa ya jioni waachiwe wakubwa na mafumbo yao mapya.