Mtoto aliyevunjika mkono: nani apewe rufaa ya Bugando?

Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe kule Ukerewe na kuvunjika mkono, wazazi hujiuliza kama atibiwe hapo hapo kisiwani, Nansio, au apelekwe Mwanza, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Wapo wanaotaka kila mtoto wa namna hiyo aonwe na bingwa wa mifupa, na wapo wanaoona kwamba rufaa nyingi ni usumbufu mtupu. Kwa maoni yangu, la kuangalia kwanza ni mahali mfupa ulipovunjika.

Wanaopinga rufaa za jumla wana hoja nzito. Mfupa wa mtoto bado unakua, hivyo mvunjiko uliopinda kidogo karibu na kifundo cha mkono hupona vizuri kwa hogo (plasta ngumu) la wiki chache, na kasoro ndogo hujinyoosha yenyewe. Kumsafirisha mtoto huyo ni kumzidishia maumivu, kumtwisha mzazi nauli na malazi, na kurefusha foleni ya Bugando inayobeba Kanda ya Ziwa nzima.

Kiwiko ni habari nyingine kabisa. Mvunjiko wa juu kidogo ya kiwiko, unaowapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 7, unaweza kubana mshipa mkuu wa damu wa mkono. Mhudumu ashike kiganja asikie kama kina joto, kisha abinye ukucha na kuangalia kama wekundu unarudi ndani ya sekunde 2. Kiganja kikiwa cha baridi na kimepauka, misuli inaweza kuanza kufa katika muda wa saa 6 hivi, na vidole vikabaki vimekunjamana maisha yote. Inaniuma kwamba umri huo umekwisha kuvuka msamaha wa matibabu ya watoto chini ya miaka 5, kwa hiyo saa hizo hizo ndizo mzazi anazozitumia kutafuta fedha.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea watu wa Sengerema adha ya kusubiri kivuko, ilhali wa visiwani bado wanafuata ratiba ya meli. Ndiyo maana ningependa picha ya eksirei itumwe kwa bingwa kwa simu kabla ya kuamua, isipokuwa kwa mkono uliokosa damu, ambao haupaswi kusubiri jibu la mtu yeyote. Anayesafirishwa apewe dawa ya maumivu, mkono ufungwe banzi lisilokaza, kiwiko kisikunjwe sana, na barua ya rufaa itaje saa aliyoanguka na hali ya mapigo ya damu kabla hajaondoka.