Mfadhili Asiyesomwa Jina

Nimechoka kuitwa mcheza kamari ilhali kwa hesabu zangu mimi ni mfadhili. Kila ninaponunua tiketi ya bahati nasibu kwenye kile kibanda cha karibu na kituo cha matatu hapa Umoja, na namba zangu zikakataa kutoka kama ilivyo ada yao, naamini kuna yatima aliyepata daftari, ingawa hajawahi kuniletea hata salamu. Sijitungii. Sheria ya mwaka 1966, iliyosimamia mambo haya nchini kwa miongo mingi, iliagiza kwamba angalau asilimia 25 ya mapato ya bahati nasibu ya umma iende kwenye jambo la hisani lililoombewa kibali.

Kinachoniuma si kutoa, bali kutoa gizani. Kwenye harambee, anayechanga shilingi 50 husomwa jina kwa kipaza sauti, na yule mjanja anayechelewa makusudi akaja na bahasha nene hutafutiwa kiti cha mbele. Mimi nimechanga miaka yote hii nikiwa nimesimama.

Waingereza angalau wana utaratibu unaoonekana. Bahati nasibu yao ya taifa ilianza mwaka 1994, na fungu la hisani huingia kwenye mfuko mmoja: asilimia 40 ni ya afya, elimu, mazingira na misaada ya jamii, kisha michezo, sanaa na urithi wa kale hupata asilimia 20 kila kimoja. Anayeuza tiketi hana ruhusa ya kuchagua wa kupewa; maombi huchambuliwa na vyombo vilivyoundwa kwa kazi hiyo. Tena kikundi kikikarabatiwa ukumbi hutakiwa kuonyesha alama ya vidole viwili vilivyopishana, ili wapita njia wajue fedha zilitoka wapi. Yaani mshinde wa Manchester anaweza kumwonyesha mwanawe paa na kusema, “Lile bati la tatu ni la baba yako.” Mimi nitamwonyesha nani nini?

Nilimwambia mke wangu kwamba utaratibu huo ukifika Nairobi, nitakuwa wa kwanza kuomba, maana sijui jambo la hisani linalonishinda mimi.

“Baba Njeri,” akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata, “utaomba kwenye fungu la michezo, au la urithi wa kale?”