Riwaya ya simu iliyotugombanisha Sinza

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu wa chini pale Posta, haina jalada la mbele, kurasa zinanuka unyevu wa masika. Ni Cell ya Stephen King, yule Mmarekani wa vitabu vya kutisha, iliyotoka mwaka 2006. Nilidhani nitaisoma kwenye mwendokasi wiki moja, niigawe, basi. Imekaa kwetu miezi miwili na watu wawili hawajasalimiana vizuri tangu hapo.

Kisa ni hiki. (Anayetaka kuisoma mwenyewe aishie hapa, maana nitafika mpaka mwisho.) Oktoba mosi, saa tisa alasiri imepita kidogo, mjini Boston. Mchoraji aitwaye Clayton Riddell yuko kwenye gari la aiskrimu, roho kwatu, ametoka kuuza kazi yake ya michoro. Karibu naye mama mmoja kavaa suti anaongea na simu. Mara kila aliyeweka simu sikioni muda ule anasikia mlio fulani, anageuka mnyama. Yule mama anataka kumrukia muuza aiskrimu, binti mmoja anamng'ata mama shingoni, na hatua chache kutoka hapo mwanamume mzima anang'ata sikio la mbwa. Clayton amepona kwa sababu moja tu: hana simu. Mwandishi naye, kitabu kilipotoka, alijitambulisha kuwa mtu asiyemiliki simu ya mkononi.

Kijiwe chetu kinakutana Jumapili jioni nje ya kibanda cha dada mmoja wakala wa pesa, Sinza. Tunaosoma Kiingereza bila kusinzia ni wawili, kwa hiyo riwaya nzima niliisimulia kwa Kiswahili, sura kwa sura, kama wale jamaa wanaotafsiri sinema kwenye vibanda umiza. Nakiri kuna mahali niliongeza chumvi. Ila sikio la mbwa sikuliongeza.

Wa kwanza kuikataa alikuwa fundi simu wetu, ambaye meza yake iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Yeye ubishi wake ni wa kazi. "Kaka, kila kampuni ina mitambo yake. Nani anatuma sauti moja kwenye mitandao yote, dakika moja? Mimi kuhamisha majina tu kutoka simu moja kwenda nyingine kunanitoa jasho." Akasema mwandishi angeshika bisibisi siku moja asingeandika vile.

Mwalimu mstaafu, ambaye tunamwamkia shikamoo kabla hata ya kuvuta kiti, aliipenda mpaka karibu na mwisho, halafu akaghadhibika. Mwalimu amekulia kwenye riwaya za upelelezi. Kwake neno simu na neno kifo yakikaa pamoja linakuja jina moja, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, na mule mpelelezi anafanya kazi yake mpaka muuaji anajulikana. Sasa kwa King hakuna anayekamatwa. Mlio umetoka wapi? Magaidi? Jeshi? Wahuni wa kompyuta? Hatuambiwi. Mwalimu aliniambia nimemdhulumu jioni tano, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Nimeona wasomaji wa nchi nyingine wanalia kilio hicho hicho: mwanzo moto, mwisho hewa. Na hapa ndipo ninapoachana nao, pamoja na Mwalimu wangu. Kutomjua aliyetuma mlio ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote mle ndani.

Kumbukeni Jumapili ya Mei 12, 2024. Nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, intaneti ikazorota Tanzania nzima. Mambo ya nyota namba reli yaliendelea, ila WhatsApp za watu zilibaki na kile kisaa kidogo hakigeuki kuwa tiki. Mtaani kwetu sikusikia mtu akiuliza waya umekatwa na nini. Swali lilikuwa moja: itarudi lini? Tunaishi na vitu tusivyovijua vinakotoka, na vikiharibika hatupati sura ya mwisho ambapo inspekta anakusanya watu sebuleni na kueleza. Clayton anatembea kuelekea Maine kumtafuta mwanawe, Johnny, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye kisimu chake chekundu. Huko njiani angempata wapi mtu wa kumweleza?

Kinachoniudhi mimi ni kitu kingine. Katikati ya kitabu wale walioharibiwa na simu wanaanza kutembea kwa makundi, usiku wanalala wamebanana uwanja mzima wa mpira huku muziki wa taratibu ukipigwa, wanasomana mawazo, wanaingia kwenye ndoto za wazima, mwisho wanaelea hewani. Hewani! Nilipofika pale kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akisikilizia pembeni alicheka kwa sauti, akasema sasa hiyo ni popobawa. Akawasha pikipiki akaenda zake. Sikuwa na la kumjibu. Mpaka hapo hofu ilikuwa mkononi mwangu, kwenye kitu ninacholala nacho chini ya mto. Mtu akishaanza kuelea, hofu inarudi kwa majini, na majini tunayo ya kwetu ya kutosha.

Tena kifo kinachouma kuliko vyote kitabuni hakina uhusiano na simu. Binti Alice, miaka kumi na mitano, anauawa na kipande cha tofali alichorushiwa kutoka kwenye gari linalopita, na waliomo ni watu wazima wa akili. Nilipoisimulia sura hiyo Mwalimu alininyooshea mkono ninyamaze kidogo. Mwandishi anayeweza kufanya hivyo kwa tofali alikuwa anatafuta nini angani?

Dada wakala alikuwa hajasema kitu jioni zote hizo. Anahudumia wateja, anahesabu noti, anasikiliza nusu nusu. Ile siku ya popobawa ndipo akasema yeye hakuona cha ajabu kwenye mwanzo wa kitabu, kwa sababu amewahi kukiona.

Tunazijua wote zile meseji: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Tunazifuta, tunacheka. Lakini kuna wanaopiga kabisa. Kuna mzee alifika kibandani kwake mchana, jasho linamtiririka, simu sikioni, mtu wa upande wa pili anamwelekeza. Weka hela hii. Bonyeza hapa. Usikate simu. Usiongee na mtu. Dada akamwambia, "Baba, shikamoo, hebu weka simu chini kwanza." Mzee akamwekea kidole mdomoni, wewe nyamaza. Akamwambia tena. Mzee akapiga kaunta kwa kiganja mpaka sarafu zikaruka. "Ni mzee mpole yule," dada alisema, "ananiletea ndizi kutoka kwake. Siku ile macho hayakuwa yake. Alikuwa anamsikiliza yule wa kwenye simu tu, mimi niko hapa mbele yake hanioni." Alimkatalia kuweka hela. Mzee akaondoka na simu yake sikioni kwenda kwa wakala mwingine.

Hiyo ndiyo kurasa ya kwanza ya Cell, bila damu. Sauti ndogo imeingia sikioni na mtu ametoka. King angebaki hapo, akatuzungusha na sauti hiyo kurasa zote zile, ningeinunua tena, safari hii na jalada lake.

Kuhusu filamu sina mengi. Ilitoka 2016, yumo John Cusack na Samuel L. Jackson, na King mwenyewe alishiriki kuandika mswada wake. Kwa kuwa wasomaji walilalamikia mwisho, akaubadilisha. Filamu ikapondwa kuliko kitabu. Nilimwambia Mwalimu hayo kwa furaha isiyo ya kiungwana.

Mwisho wa kitabu, ule uliolalamikiwa, ni hivi. Clayton anampata Johnny, lakini mtoto ameshaharibika, ingawa si kama wale wa siku ya kwanza. Kuna kijana mjuzi wa kompyuta, Jordan, aliyekuwa akieleza kwamba mlio ulifuta akili za watu kama kompyuta inavyofutwa, na kwamba waliochelewa kuusikia walipata mlio mbovu. Huenda wakisikilizishwa mara ya pili milio hiyo miwili itabatilishana. Basi baba anachukua simu, anabonyeza namba, anaiweka kwenye sikio la mwanawe. Kitabu kimeisha.

Mwalimu alifyonza. Fundi, ambaye tangu mwanzo alikuwa hataki hata kusikia, akasogeza kiti.

"Hapo sasa amesema kweli," akasema. "Simu ikigoma baada ya kuflashi, yaani kuipakia programu upya, unaflashi tena programu ile ile. Ndivyo tunavyofanya."

"Inapona?" dada wakala akauliza.

"Zipo zinazorudi. Zipo zinazokufa moja kwa moja, haiwaki tena hata taa ya chaji."

"Na unajuaje hii itarudi, hii itakufa?"

"Sijui, dada. Mpaka niiwashe."