Tumaini la kanisani baada ya Oktoba 29

Wapo Wakristo wa Dar es Salaam ambao tangu Oktoba 29, 2025 wamechoka kuambiwa wawe na tumaini. Kusali hawajaacha. Ibadani wanakwenda, sadaka wanatoa, zaka wanalipa. Ila mhubiri akifika pale pa "Mungu ana mpango na taifa letu", macho yanahamia kwenye simu. Siku ile ya uchaguzi maandamano yalizuka Kimara, Ubungo, Magomeni na kwingineko, watu wakapigwa risasi, vituo vya mwendokasi na vya mafuta vikachomwa, intaneti ikazimwa, jiji likawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Kisha Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwamo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Idadi ya waliokufa ikawa ugomvi mwingine. Tangu hapo kuna ndugu ambao wakikutana hawataji kabisa mwezi wa kumi.

Je, imani inaweza kumpa mtu tumaini katika hali hiyo bila kumdanganya?

Wanaolishuku tumaini hilo wana hoja nzito, tena wanaitoa ndani ya Biblia yenyewe. Yeremia aliwakemea manabii waliotangaza amani mahali pasipo na amani, wakilitibu jeraha la watu juujuu tu. Wakimaliza Yeremia wanakuja Rwanda. Mwaka 1994 idadi kubwa ya Wanyarwanda walikuwa Wakristo, na bado watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama waliuawa humo humo. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za kanisa na za waumini wake katika mauaji yale. Kujaza mabenchi kila Jumapili, basi, si kinga. Anayeuliza tumaini la kanisa limemsaidia nani hajakufuru.

Kuna wanaolaumu kutokea upande mwingine kabisa: kanisa limezidisha siasa, lirudi madhabahuni. Hawa andiko lao ni Warumi 13, kuitii mamlaka iliyo kuu. Maaskofu Katoliki walilaani mauaji mwezi Novemba, na Desemba Rais, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akawaonya viongozi wa dini kuhusu kujiingiza katika uendeshaji wa nchi. Mvutano huu una umri. Mwaka 2018 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilitoa waraka wa Pasaka ulioigusa hali ya siasa, likaandikiwa barua ya kutakiwa kuufuta ndani ya siku 10, barua ambayo baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani mwenyewe aliikana. Mwaka 2023 ukasomwa makanisani waraka wa Kikatoliki wa kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai.

Hoja hii siitupi yote. Benchi moja linabeba balozi wa nyumba kumi wa CCM, chama tawala, na kijana aliyekesha akipakua video za maandamano, na mahubiri yanayomfanya mmoja wao aone amesomewa mashitaka hayampi tumaini hata kidogo. Lakini wanaodai kanisa likinyamaza litapata utulivu wamesahau upesi. Aprili 2025 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alishambuliwa na kujeruhiwa pale pale makao makuu ya Baraza, Kurasini. Juni mwaka huo huo kanisa la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji. Katika hali hiyo hata kunyamaza kunasomwa kama msimamo.

Mimi naona pande zote mbili zinatazama mimbari mno. Tumaini lenyewe, kama lipo, linajaribiwa chini zaidi, kwenye jumuiya, yaani vikundi vidogo vya waumini majirani wanaosali pamoja majumbani. Wakatoliki wa jiji hili wanazijua asubuhi za Jumamosi: saa 12 na nusu, viti vya plastiki uani, rozari, somo, halafu maombi ya kila mtu na nia yake. Katika jumuiya moja ya upande wa Kimara, wiki chache baada ya uchaguzi, mama mmoja aliomba kwa ajili ya mwanawe aliyetoka nyumbani Oktoba 29 na hajarudi. Viti viwili kutoka kwake alikaa mke wa askari, ambaye mumewe alikuwa kazini siku ile. Wote waliitikia, "Ee Bwana, utusikie." Mke wa askari hakuomba nia yoyote siku hiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na zamu ya chai ilipofika kwake hakuna aliyekataa kikombe.

Hilo halijamrudisha mtoto. Ndiyo maana nadhani wahubiri wengi wanakosea wanapokimbilia Pasaka. Familia kadhaa zilisema zimezunguka mochwari bila kuupata mwili wa kuzika, na Injili ina neno kwao kabla ya habari ya ufufuko: wanawake wanakwenda kaburini, na Mariamu Magdalena analia kwa sababu hajui alikowekwa Bwana wake. Hakuna malaika anayemkaripia akisema asilete siasa. Tumaini la Kikristo, kwa jinsi ninavyolisoma, linaanza na mtu anayeutafuta mwili, na kanisa linaloona aibu kuutafuta pamoja naye halina haki ya kumhubiria kesho.

Rais mwenyewe, akilihutubia Bunge Novemba 14, alieleza huzuni yake kwa vifo vilivyotokea na kutangaza tume ya uchunguzi, ambayo baadaye iliongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wapo wanaoiona tume kama njia ya kupoza moto, na wapo wanaoona ndiyo pa kuanzia. Afrika Kusini walikuwa na Desmond Tutu, askofu mkuu, kwenye kiti cha Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Watesi walisema hadharani walichofanya, wengine wakapata msamaha wa kisheria, na waathirika waliotambuliwa wakaja kulipwa randi 30,000 kila mmoja. Wengi waliona ni kidogo, na hawakukosea. Lakini angalau waliokufa walitajwa majina.

Kuna tahadhari mbili. Dar es Salaam ni mji wa Waislamu pia, na risasi haikuuliza mtu anasali Ijumaa au Jumapili; tumaini la jumuiya likiishia kwenye daftari la jumuiya litakuwa tumaini la klabu. Ya pili inanisumbua zaidi. Waliokuwa barabarani wengi ni vijana, na vijana hawaji jumuiya. Wanaokuja ni mama zao.

Padre mmoja mjini hapa aliwaita wa parokia yake Jumapili jioni, bila ajenda ya michango wala ya kwaya. Walikuja wachache. Swali la kwanza halikuwa la imani: walitaka kujua kama watakayosema humo yatafika kituo cha polisi. Aliwajibu kwamba yeye hatayapeleka, ila hawezi kumwapia mwingine yeyote aliyekaa mle ndani.