Tumegoma, Bei Hazijagoma

Leo siku ya 14 tangu tuweke zana chini. Mimi nilidhani kugoma ni kukaa. Wapi! Alfajiri unatakiwa getini, bango mkononi, wimbo mdomoni. Kazini nilikuwa nachelewa, msimamizi ananisamehe. Kwenye mgomo nimechelewa dakika tano tu, kamati imeniandika jina! Nimeimba mpaka koo limekauka, na dawa ya koo nayo imepanda bei. Yaani hata sauti ya kudai nyongeza inahitaji nyongeza.

Mshahara ndiyo hakuna: hujafanya kazi, hulipwi. Mfuko wa mgomo wa chama upo, ila tunaouchungulia ni wengi kuliko kilichomo.

Nyumbani nikajinyoosha kwenye kochi. Mama watoto akanitazama. "Baba watoto, umegoma kule. Hapa bado una kazi." Ndoo hiyo, kadeki.

Basi juzi redio ikatangaza mfumuko wa bei umeshuka, kutoka asilimia 12 hadi 8. Nikaruka! Mbio mpaka dukani, viatu nimevaa pea mbili tofauti, niwahi kabla watu hawajajua. Muuza duka alinitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Nikarudi na mche wa sabuni: bei ni ya wiki iliyopita, sawa, lakini sabuni yenyewe imekonda, tena wameichonga kiuno eti ishikike vizuri.

Mama watoto akachukua chaki ya mtoto, akaandika ukutani. "Kitu cha 100 kilifika 112. Sasa hiyo 8 yako inapanda juu ya 112, inakuwa karibu 121. Gari limepunguza mwendo, baba. Halijarudi nyuma." Kisha akaandika na zile asilimia 3 za nyongeza ya mshahara alizotutupia mwajiri, akazizungushia duara, akacheka peke yake. Huyu ndiye wa kupelekwa kwenye mazungumzo, si mwenyekiti wetu anayerudi kila jioni na neno "nia njema".

Mwanangu anayesoma historia akataka kunifariji. Eti mgomo wa kwanza ulioandikwa ulikuwa Misri, enzi za Farao Ramesses III, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mafundi wa makaburi ya wafalme walicheleweshewa nafaka yao, wakaacha kazi, wakaenda kukaa hekaluni.

"Walilipwa?"

"Walilipwa, baba. Halafu wakacheleweshewa tena."

Bora angenyamaza.

Jana usiku hodi. Mwenye nyumba! Nikaanza kumweleza habari za mgomo, naye akanikatiza kwa furaha: yuko upande wetu, wafanyakazi tunaonewa, tusirudi nyuma hata hatua moja. Akainua ngumi juu. "Mshikamano!" Nami nikainua yangu, machozi yananilenga.

Akaishusha ngumi taratibu mpaka usawa wa kifua changu, akaigeuza, akaifungua. Kiganja.

"Ya miezi miwili," akasema.